Kiangazi Kisipite Bure Mjimwema

Mkoa wetu wa Njombe una Mjimwema mbili. Moja ni kata katika Mji wa Njombe, na ya pili ni kata katika Mji wa Makambako, na kati ya miji hiyo pana mwendo wa kilometa zipatazo 60 kwa barabara ya lami iendayo Songea. Jina ni zuri, lakini jina hilo ni deni pia. Mji hauwi mwema kwa kuitwa mwema. Huwa mwema kwa matendo ya wale wanaoamka humo kila asubuhi.

Tumeona vyema tulizungumzie deni hilo kwa sababu kiangazi ndicho msimu wake wa kulipwa. Mvua za nyanda hizi huanza Novemba na kukatika Aprili au Mei. Katika miezi hiyo hakuna mwenye nafasi: asubuhi ni jembe, mchana ni jembe, na jioni ni matope. Lakini mvua zikikatika, mahindi yakakauka na kuingizwa ndani, viazi vikapata mnunuzi, mikono hupata nafasi. Hapo ndipo utakapowaona vijana wakichora mistari ya chokaa katika uwanja wa mpira, akina mama wakiazimana masufuria makubwa, wanakwaya wakifanya mazoezi jioni huku wamejifunika mashuka kwa baridi kali ya Juni na Julai, na mzee mstaafu akipita nyumba kwa nyumba na daftari lake, akiomba shilingi, akiomba debe la mahindi, akiomba hata kuni.

Watu hao hawalipwi, wala hawakutumwa na ofisi yoyote. Walikaa, wakauona mji wao umepooza, wakaambizana kwamba yafaa lifanyike jambo. Jambo lenyewe huwa ni mashindano ya mpira baina ya mitaa, mbio za baiskeli, ngoma na kwaya, maonyesho ya mazao na kazi za mikono, usafi wa soko, au siku ya kupima afya. Mara nyingi huwa ni hayo yote yaliyochanganywa katika siku mbili au tatu.

Wapo wanaoyadharau mambo hayo na kuyaita mchezo wa watoto. Hatukubaliani nao. Lakini wapo pia wanaodhani kwamba sherehe ikishafana, ngoma ikalia na vumbi likatimka, basi mji umefufuka. Hao nao hatukubaliani nao. Rai ya safu hii ni moja: mkusanyiko wa kiangazi huufufua mji pale tu unapotokana na uamuzi wa wakazi wenyewe, na unapoacha nyuma yake kazi inayoweza kuhesabiwa.

Hebu kwanza tujiulize mji hupooza vipi. Msomaji anaweza kudhani kwamba hupooza kwa kukosa watu. Kwetu sivyo. Sensa ya mwaka 2012, mwaka uleule mkoa wetu ulipozaliwa kutoka Mkoa wa Iringa, ilihesabu watu 702,097. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 889,946. Watu wapo, tena wanaongezeka. Parachichi, mbao, chai na viazi vimewaleta wageni kutoka kila pembe, na Makambako, yenye stesheni ya reli ya TAZARA na njia panda ya Songea katika barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya, hailali usiku wala mchana.

Kinachokosekana ni kujuana. Zamani mtu aliyepita mbele ya nyumba yako alikuamkia kamwene, nawe ukaitika, ukajua ni mtoto wa nani na anakwenda wapi. Siku hizi mpangaji huhamia na kuhama pasipo jirani kulijua jina lake. Kijana wetu naye akimaliza shule hutazama basi la Dar es Salaam, kama babu yake alivyotazama lori la manamba lililompeleka katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Binti huondoka kwenda kufanya kazi katika nyumba za watu. Wanaobaki hukutana msibani tu, na mji ambao watu wake hukutana msibani tu umekwisha kupooza, hata kama maduka yake yamefunguliwa.

Kwa hiyo vijana wanaochora mistari ya chokaa hawachezi. Wanatengeneza mahali ambapo Mbena, Mkinga, Mpangwa na mgeni aliyekuja jana kununua mbao wanaweza kusimama bega kwa bega pasipo kilio. Hiyo ni kazi ya siasa katika maana yake safi kabisa, na sisi tuliolelewa na Chama tunapaswa kuwa wa kwanza kuitambua.

Tena kazi hiyo si ngeni kwetu. Kiangazi cha mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma 12, kuanzia Mei, watu walikusanyika katika vikundi chini ya miti, madarasani na barazani, wakaizunguka redio moja, wakasikiliza, wakasomewa kijitabu, kisha wakajadiliana. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamefundishwa kazi hiyo, na waliohudhuria walikadiriwa kufikia milioni 2. Lakini yafaa tukumbuke jinsi kikao kilivyokwisha. Hakikwisha kwa makofi. Kila kikundi kilipaswa kuamua kitafanya nini kabla ya kukutana tena: kuchimba vyoo, kufyeka majani, kufukia madimbwi yanayozaa mbu, kuchemsha maji ya kunywa. Wazee waliokuwamo hawakumbuki sana sauti ya mtangazaji. Wanakikumbuka choo walichochimba.

Mfano wa pili u karibu zaidi nasi, kwa kuwa ulizaliwa katika Mkoa wa Iringa wakati Njombe ikiwa wilaya yake. Kati ya mwaka 1983 na 1988 Serikali yetu, pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya na ya watoto, kwa fedha zilizotolewa na Italia, iliendesha mpango wa lishe ulioanzia katika vijiji 168. Mpango huo haukuanza kwa amri wala kwa magunia ya msaada. Ulianza kwa filamu iliyoonyeshwa vijijini, ikifuatwa na mazungumzo, ili wananchi waione njaa ambayo haionekani kwa macho. Kisha ikawekwa siku ya afya ya kijiji, takriban kila miezi mitatu. Siku hiyo mizani ilitundikwa mtini, na mtoto mmoja mmoja akaning'inizwa, akapimwa, na uzito wake ukaandikwa katika kadi.

Hapo ndipo ilipo siri ya mpango ule. Namba zile hazikupelekwa mjini zikalale kabatini. Zilijadiliwa palepale kijijini na wenye watoto wao: wangapi wamepungua, kwa nini wamepungua, na tunaweza kufanya nini kwa nguvu zetu wenyewe. Wakiamua jambo wakalitenda, miezi mitatu ikipita waliipandisha mizani tena wakaona kama walipatia. Watoto wenye uzito pungufu walikuwa asilimia 56 hivi mpango ulipoanza, na kufikia mwaka 1988 walikuwa wamepungua hadi asilimia 38. Wale waliodhoofu kupindukia walipungua kutoka asilimia 6.3 hadi asilimia 1.8. Mwaka 1990 shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia watoto lilipotunga mkakati wake wa lishe kwa dunia nzima, lilijifunza mengi kutokana na kazi ya wanavijiji wa Iringa.

Sisi tunaoandika haya ni wa rika lile. Watoto waliolia katika mizani zile leo ni watu wazima wenye watoto wao. Kwa hiyo tunapowauliza wenzetu wa Mjimwema mizani iko wapi, hatuwaulizi jambo la kigeni. Tunawauliza kilichokuwa chetu.

Maana hali ilivyo haituruhusu kukaa kimya. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Njombe watoto 50 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani kimo chao hakilingani na umri wao. Kwa nchi nzima ni watoto 30 katika kila 100. Kipimo cha zamani kilikuwa cha uzito na hiki ni cha kimo, kwa hiyo si haki kuvilinganisha kana kwamba ni kimoja. Lakini maana yake haifichiki. Mkoa unaolisha miji mingine kwa mahindi na viazi, mkoa unaopakia parachichi kwenda ng'ambo, nusu ya watoto wake hawakui inavyopasa. Utafiti mwingine, wa mwaka 2022 na 2023, ulionyesha kwamba watu 12.7 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 na zaidi mkoani mwetu wanaishi na virusi vya UKIMWI, ilhali wastani wa nchi ni 4.4. Hakuna mkoa uliotuzidi.

Msomaji atauliza: mpira na kwaya vinahusiana nini na kudumaa? Vinahusiana kwa sababu udumavu wa mkoa huu hautokani na ghala tupu. Unatokana na mtoto kulishwa uji mwepesi wa mahindi matupu mara mbili kwa siku, kwa kuwa mama yake yuko shambani tangu alfajiri. Unatokana na mayai, maharage na maziwa kupelekwa sokoni yote. Unatokana na baba asiyeijua kadi ya kliniki ina rangi gani. Mambo hayo hayaondolewi na lori la chakula. Huondolewa na majirani wanaokaa pamoja wakaambizana ukweli, na majirani hawakai pamoja wakaambizana ukweli kama hawajawahi kucheka pamoja. Ngoma huwaleta watu, na watu wakishakuja, mizani huwakuta.

Sasa ndugu msomaji aturuhusu tusimulie tulichokiona kwa macho yetu, kwa kuwa kinatuhusu sisi makada kuliko mtu mwingine yeyote.

Kiangazi kimoja, miaka michache iliyopita, tulialikwa katika mji mdogo wa nyanda hizi kushuhudia siku ya wananchi. Hatutautaja mji huo wala aliyehusika. Waliojitolea walikuwa wamefanya kazi majuma matatu. Uwanja ulikuwa umefagiwa na choo cha soko kimepakwa chokaa. Uji wa lishe ulikuwa umepikwa tangu saa kumi na moja alfajiri, na chini ya mti mizani ilikuwa imetundikwa kwa ajili ya watoto. Kulikuwa na ukungu na baridi ya kuuma vidole. Saa tatu watu walikuwa wamejaa. Lakini mgeni rasmi hakuwa amefika, na amri ikatolewa kwamba jambo lolote lisianze kabla yake.

Saa nne ikapita, saa tano ikapita, na saa sita nayo ikapita. Mgeni rasmi alifika saa saba na robo. Ikasomwa risala, yakatolewa majibu ya risala, wakatambulishwa viongozi mmoja mmoja, nasi tukiwamo, kila mmoja akasimama na kupunga mkono. Hotuba ikachukua saa moja na dakika ishirini. Katika hotuba hiyo wananchi waliambiwa umuhimu wa lishe ya watoto. Hotuba ilipokwisha, mgeni alikuwa na safari nyingine. Msafara ukaondoka, vumbi likatanda, na watu wakaanza kutawanyika kwa kuwa jua lilikuwa linakwenda.

Uji ulikuwa umepoa na kuganda. Chini ya mti tulimkuta mama mmoja, mhudumu wa afya wa kujitolea, amebaki peke yake na mizani yake. Tulimuuliza amepima watoto wangapi. Alisema, kumi na mmoja. Tulimuuliza alitazamia wangapi. Akafungua daftari akatuonyesha majina mia moja na arobaini na mawili, aliyoyaandika kwa mkono wake akipita nyumba kwa nyumba. Hakulalamika. Alituuliza jambo moja tu: "Ndugu zangu, mwakani nikiwaita, watakuja?"

Hatukuwa na jibu. Lakini tangu siku ile tunaamini kwamba hilo ndilo swali kubwa katika kazi nzima ya kuufufua mji. Fedha hupatikana na turubai huazimwa. Imani ya watu waliokaa kwenye baridi saa nne na watoto mgongoni, wakarudi nyumbani bila kupimwa, haiazimwi popote. Tena hatukuwa watazamaji tu siku ile. Tulikaa katika viti vya mbele, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kusimama na kusema: mama, anza kupima, mgeni atatukuta kazini.

Historia yetu inatufundisha pia tofauti iliyopo kati ya kujitolea na kusukumwa. Katika Operesheni Vijiji, baina ya mwaka 1973 na 1976, nia ilikuwa kuwaleta watu pamoja wapate shule, maji na zahanati. Vitu hivyo walivipata wengi. Lakini pale ambapo watendaji waliwahamisha watu kwa nguvu, na nyumba nyingine zikatiwa moto, lilibaki jeraha ambalo shule haikuliponya. Kwa upande mwingine, katika miaka hiyo ya mwisho ya 1970 na ile ya 1980, wananchi wa Wanging'ombe walichimba mitaro ya bomba la maji ya mserereko, kijiji kwa kijiji, kwa majembe na sururu zao. Walichimba kwa sababu waliyataka maji, na kila mtu alijua mtaro wake unaelekea wapi. Mabomba huchakaa, na yale nayo yalichakaa. Lakini hadi leo mzee wa kule atakuonyesha kipande alichokichimba yeye.

Majirani zetu nao wana njia zao. Wanyarwanda wana umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo kwao ni wajibu wa kisheria. Wakenya wana harambee, ambayo imejenga shule nyingi na pia imewapandisha wanasiasa wengi waliotaka majina yao yasomwe pamoja na michango. Sisi hatuna haja ya kuiga faini ya huyu wala majivuno ya yule. Tangu tukiwa wadogo mbele ya mwalimu wa chuo tulifunzwa kwamba tendo hupata uzito wake kutokana na nia ya mtendaji, na baadaye darasani tukafunzwa kwamba kujitegemea ni hiari ya mtu mwenye akili. Mafunzo hayo mawili hayapingani.

Basi tunawashauri nini wanaojitolea wa Mjimwema zote mbili, na viongozi wao?

Kwanza, jambo litoke katika mkutano mkuu wa mtaa. Wakazi waseme wenyewe wanataka siku yao iwe na nini. Mwenyekiti wa mtaa, mtendaji, diwani na balozi wa nyumba kumi wawe wasaidizi, wasiwe wenye shughuli. Na wanachama wa vyama vingine wakaribishwe kama wakazi wengine, kwa maana mtoto aliyedumaa hana kadi ya chama.

Pili, fedha zihesabiwe hadharani. Hakuna kinachoua moyo wa kujitolea upesi kama mchango usiojulikana ulikokwenda. Mzee mwenye daftari aandike kila shilingi na kila debe, na majuma mawili baada ya shughuli hesabu ibandikwe katika ubao wa matangazo wa mtaa, hata kama imebaki shilingi mia tano. Anayeficha hesabu ya shilingi mia tano hawezi kuaminiwa na laki tano.

Tatu, kazi itangulie, hotuba ifuate. Mizani ianze saa mbili, usafi uanze saa moja, na mpira uchezwe saa yake. Mgeni rasmi akichelewa atawakuta wananchi kazini, na hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote anayoweza kupewa. Mwenge wa Uhuru ulipowashwa mjini Njombe tarehe 2 Aprili 2022 kuanza mbio zake za mwaka ule, tulijivunia sote. Lakini Mwenge wenyewe hukimbizwa. Haukai ukasubiri.

Nne, kila kiangazi kiwe na kazi moja, wala si kumi. Mwaka huu iwe mizani, na kadi ya kila mtoto wa mtaa ijulikane. Mwaka ujao iwe mfereji wa soko kabla ya mvua za Novemba. Mwaka unaofuata iwe kusafisha njia za kuzuia moto katika mashamba ya miti, kwa kuwa Septemba na Oktoba upepo ukishika moto mmoja wa mlina asali, jasho la miaka kumi huteketea mchana mmoja. Kazi moja ikikamilika, watu huiona na huamini. Kazi kumi zikianzishwa, hubaki mashimo kumi.

Tano, na hili tunataka wanaume wenzetu walisikilize kwa makini, siku ya wananchi isiwe mzigo mwingine juu ya mgongo wa mama. Mpango wa lishe wa Iringa ulionyesha wazi kwamba wingi wa kazi za mama ni moja ya sababu za mtoto kudhoofu. Sasa tutakuwa tumefanya nini ikiwa ili kuzungumzia lishe tunamwamsha mama huyohuyo saa tisa usiku akachote maji, akatafute kuni, akapike kwa ajili ya watu mia tatu, huku mtoto wake mwenyewe akishinda na njaa? Wanaume wachote maji na kupasua kuni, na tena wawabebe watoto wao kuwapeleka kwenye mizani. Baba akiisoma kadi ya mtoto wake mara moja mbele ya baba wenzake, amejifunza zaidi kuliko katika hotuba tano.

Sita, tusiwafanye wanaojitolea kuwa punda. Kujitolea kuna mipaka yake, maana kijana naye anakula. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vinavyozaliwa na shughuli za kiangazi visaidiwe kujisajili na kuandika maombi, ili umoja uliofagia soko uweze kesho kukausha matunda, kushona sare za shule au kuotesha miche. Kijana atakayepata kazi aliyoianzisha pamoja na wenzake hatalitazama tena basi la Dar es Salaam kwa jicho lilelile. Akiondoka, ataondoka kwa hiari yake, na atajua njia ya kurudi.

Tunajua kuna watakaosema kwamba mambo hayo ni ya Serikali. Tangu ada ilipofutwa katika shule za sekondari mwaka 2016, wapo waliofurahi kupita kiasi wakadhani na wajibu nao umefutwa. Ni kweli kwamba Serikali ina kazi yake, nasi hatutaacha kuidai: dawa katika zahanati, walimu madarasani, maji bombani. Lakini hakuna Serikali duniani inayoweza kumlisha mtoto wako uji mzito saa nne asubuhi. Hakuna wizara ya kumjua jirani yako.

Tunarudi kwa mama yule na daftari lake. Swali lake lilikuwa dogo, na aliliuliza kwa sauti ya chini, lakini linawahusu watu wote wa Mjimwema ya Njombe na Mjimwema ya Makambako, na kila mji mdogo wa nyanda hizi unaojiandaa kupiga ngoma mvua zikikatika. Mwakani tukiwaita, watakuja? Jibu halimo katika ukubwa wa spika wala katika cheo cha mgeni. Limo katika yale ambayo watu watarudi nayo nyumbani jioni: kadi iliyoandikwa, mfereji uliozibuliwa, jina la jirani lililojulikana.

Kiangazi ni kifupi. Novemba mawingu yatakusanyika juu ya milima ya Livingstone na kila mtu atarudi kwenye jembe lake. Kabla ya hapo, mizani na itundikwe mtini, na watoto wote mia moja na arobaini na wawili wapimwe.